Likizo Niliyoiita Malaria

Sista Dorka,

Leo ni Jumatatu, jua limeshapanda, na mimi niko nyumbani hapa Kawangware. Nguo ya kazi inaning'inia kwenye msumari. Nekesa wangu ameenda sokoni na mboga zake, watoto wako shule, na ploti nzima imenyamaza isipokuwa mama mmoja anayefua karibu na mfereji. Mwanaume wa rika langu si wa kusikia ploti ikiwa imenyamaza hivi. Nimevuta pazia ili wanaopita wasinione, kisha nikaketi kukuandikia, kwa sababu katika jambo hili lote hakuna mtu niliyemwogopa kuliko wewe. Umelala kwenu Siaya, na bado nakuogopa.

Niko ofu, Sista. Ofu ya ugonjwa, likizo ya kuandikiwa na daktari. Na sina ugonjwa ambao mtu anaweza kuupima.

Nianze pale unapopajua. Uliponikuta pale kliniki ya Kibera, karibu na Ayany, nilikuwa mtu wa kupiga deki na kubeba maji. Nilikuwa nimeinama na tambara, ukaniuliza kama naogopa vidonda. Nikasema siogopi. Ukasema, "Basi weka hilo tambara chini. Kuna mama Mashimoni anataka kuoshwa." Hukuniuliza cheti. Hukuniuliza hata jina mpaka tulipokuwa tumeshavuka reli.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuketi kwanza kabla ya kufungua mkoba, kwa sababu mgonjwa akiona umefungua mkoba ukiwa umesimama, anajua una haraka ya kuondoka. Ulinifundisha kunywa chai ninayopewa, hata kama kikombe kimeingia kutu, wakati majirani wenyewe hawakutaka hata kugusa mlango wa nyumba ile. Watu hawakuutaja ugonjwa wenyewe. Walisema kifua, walisema amerogwa, wengine wa kwenu walisema chira, laana ya kuvunja mwiko. Sisi pia tulisema tu "ule ugonjwa", na tulijua hakuna kitu kwenye mkoba wetu cha kuuondoa. Tulikuwa na sabuni, mafuta ya kupaka, tembe za maumivu na mikono yetu. Ulikuwa unasema hiyo inatosha kwa leo.

Halafu asubuhi ile, kabla hatujatoka, ukaketi kwenye benchi la wagonjwa, wewe ambaye hukuwahi kulikalia. Ukasema, "Elijah, hebu nishikie mkoba kidogo." Nikaushika. Walisema baadaye ni presha. Mimi ninachojua ni kwamba ulikuwa umeshaondoka na mimi bado nimeushika, nangoja unyooshe mkono uuchukue.

Basi nikabaki nao. Walisema wataleta sista mwingine, na mpaka sasa wanasema hivyo hivyo. Wagonjwa wako wakawa wangu, na wangu wakabaki wangu. Mashimoni yote, kijiji cha Raila chote, na wale wachache wa huku Kawangware ambao tulikuwa tunawaona tukirudi nyumbani. Mwanzoni nilifanya kwa nguvu zote. Nilitembea nikisema moyoni, Sista angefika hapa, Sista asingeruka nyumba hii. Wakawa wanakufa, Sista, kama walivyokuwa wakifa ulipokuwepo, ila zamani tulikuwa wawili wa kurudi pamoja. Tulikuwa tunapita pale kwa yule mama wa mahindi ya kuchoma, unanunua moja unalikata katikati, na mpaka tulimalize tumeshaongea mambo mengine. Siku hizi narudi peke yangu na mahindi sinunui.

Sijui nilianza kuharibika lini. Nilikuwa nalala, halafu naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nekesa aliangusha kijiko siku moja, kijiko tu, nikampigia kelele mpaka mtoto mdogo akaingia uvunguni. Halafu kuna yule mama wa Raila mwenye mapacha. Nilimwita kwa jina la mama tuliyemzika mwezi uliotangulia. Walikuwa wanafahamiana. Alinitazama, akashika mtoto wake vizuri. Nilimaliza kumhudumia nikatoka, na huko nje nikashindwa kukumbuka natakiwa kuelekea upande gani.

Sasa nikuambie habari ya Mama Awino.

Unamkumbuka, yule aliyekuwa akiuza samaki pale Mashimoni, mwenye sauti iliyokuwa inasikika kabla hujamwona. Sauti imepungua. Amepata kidonda mgongoni kwa kulala sana, na nilikuwa namwosha mara mbili kwa wiki, yeye akinifundisha Kijaluo na kunicheka. Ananiita daktari. Nimemwambia mara nyingi mimi si daktari, anasema kwani daktari ni nani, si yule anayekuja?

Siku hiyo nilifika mlangoni kwake nikainua mkono nibishe. Mkono ukakataa. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nilikuwa naisikia redio yake ndani, namsikia akikohoa, na mkono uko hewani kama si wangu. Nikaenda mpaka mferejini, nikajifanya nanawa, nikarudi. Nikasimama tena. Nikaondoka. Kliniki nikasema nimemwona, anaendelea.

Siku nyingine ya kumwosha ilipofika nikafanya vile vile. Mlangoni, mkono juu, nikaondoka.

Baadaye hata Mashimoni sikufika. Niliketi kando ya ukuta wa nyumba moja pale Ayany, mkoba magotini, mpaka soja wa hapo akaja kuniuliza nangoja nani. Nikasema simngoji mtu. Akaniambia basi nitoke, mwenye nyumba hapendi watu wakae hapo. Nikarudi kliniki. Ilikuwa Jumatano, Daktari Wambui yupo, yule msichana mwembamba uliyekuwa unasema ana mikono baridi. Akaniuliza kidonda cha Mama Awino kinaendeleaje. Nikafungua mdomo niseme kinaendelea vizuri. Badala ya maneno nikalia. Nililia mbele ya wagonjwa, Sista, kwenye foleni, wamama wamebeba watoto wakinitazama.

Alinipeleka ndani akafunga mlango. Alinipima presha, akanipima damu, akaniuliza nalala vipi, nakula nini, lini mara ya mwisho nilicheka. Hilo la kucheka lilinishinda. Mwishowe akasema, "Hii si malaria, Elijah. Umechoka mpaka ndani. Enda nyumbani, nitakuandikia."

Nikakataa. Nikamwambia watu wanakufa huko, nani anapewa ofu kwa sababu amechoka? Kila mtu Kibera amechoka. Nikamwambia, "Sista Dorka hakuwahi kuchukua ofu hata siku moja."

Akaacha kuandika. Akasema, "Najua. Mimi ndiye niliyemfumba macho."

Nilichukua ile karatasi nikaiweka mfukoni, nikatembea mpaka Kawangware nikitafuta njia ya kulisema jambo hili nyumbani. Na nilipofika, Nekesa aliponiuliza mbona nimerudi mchana, nikasema malaria.

Ungenicheka, au ungenichapa. Uwongo huo ulizaa. Nekesa alikwenda dukani akaleta tembe za klorokwini, akasimama mbele yangu na kikombe cha maji mpaka nikazimeza. Unajua vile klorokwini huniwasha. Nilijikuna usiku kucha na kesho yake, viganja, nyayo, kichwa, mtu mzima anayefanya kazi kliniki anameza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Majirani wakaanza kuja. Yule wa chumba cha pili akaniletea uji wa wimbi. Wamama wa kanisa wakaja na shali zao, wakaniwekea mikono kichwani, wakakemea malaria kwa jina la Yesu, na mimi nimefumba macho nikisema amina. Mmoja wao amemzika kijana wake juzi. Aliacha matanga yake akaja kuniombea mimi.

Nekesa hakuchukua muda kujua. Alinigusa shingo, hakuna joto. Akadhani nimefukuzwa kazi. Ikabidi niseme ukweli: kwamba kazi ipo, ila sikuweza kubisha mlango. Alikuwa anachambua sukuma za kupeleka sokoni. Hakuacha kuchambua. Akauliza, "Kwa hivyo huugui?"

Nikasema sijui. Akafunga mboga zake kwenye gunia, akajitwika. Hapo nje nikasikia jirani akimuuliza mzee anaendeleaje, na Nekesa akajibu, "Malaria bado inamsumbua." Sijawahi kuona aibu kama ile. Mke wangu anakwenda kusimama juani ili tule, na juu ya gunia ameongezewa kubeba uwongo wangu.

Nilishinda nimelala. Ungeingia humu ndani siku hizo usingenitambua. Nilikuwa nahesabu mabati. Nilikuwa nawaona wagonjwa mmoja mmoja, nani leo ni siku yake, nani amekaa akisikiliza nje. Zaidi namwona Mama Awino.

Akaja, Sista.

Nilisikia hodi mchana, nikadhani ni wamama wa kanisa, nikajifunika shuka hadi kidevuni. Aliyeingia kwanza ni Akinyi, mdogo wake Mama Awino, yule msichana anayesuka watu nywele pale Mashimoni. Akasema, "Sasa, daktari," kisha akageuka kumshika mtu nyuma yake. Mama Awino akaingia akiwa amemwegemea, amejifunga leso mbili na sweta juu, mifupa ya uso imetokeza. Walisikia kwa mgonjwa mmoja wa huku Kawangware kwamba daktari anaumwa malaria. Walikuwa wamepanda gari mpaka steji ya Kona, na kutoka pale wakatembea, wanapumzika kwenye vibanda vya watu, wanatembea tena. Akinyi alikuwa amebeba samaki mkavu kwenye gazeti. Wamemletea mgonjwa.

Nilitaka ardhi inimeze. Niliruka kitandani na kaptura, natafuta shati, natafuta kiti cha kumkalisha ambacho hakitamuumiza mgongo. Alikaa upande upande. Akapumua kwanza. Halafu akaniuliza kama watu wanavyowauliza wagonjwa, homa imepungua, nakula, nimemeza dawa zote? Nikamjibu imepungua. Sauti yangu mwenyewe ilinichukiza.

Akamwambia Akinyi atoke nje kidogo, akatafute maji ya kunywa. Tulipobaki wawili akasema polepole, "Nilisikia viatu vyako."

Nikaanza kufunga vifungo vya shati.

"Viatu vyako navijua. Ulikuja ukasimama. Ukaenda, ukarudi, ukasimama tena. Nikamwambia Akinyi, basi, hata daktari ameanza kuniogopa."

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Siku zote nilikuwa nafikiria kidonda chake, kwamba kimekosa kuoshwa. Sikufikiria kwamba yule mama alikuwa ndani anasikiliza. Watu walishaacha kununua samaki wake, wakaacha kukalia stuli yake, dada wa kanisa wakawa wanamsalimia kutoka njiani. Halafu mimi, niliyekunywa chai yake, nasimama mlangoni na kuondoka. Alilala na hilo mgongoni pamoja na kidonda.

Nikamwambia. Nilianza vibaya, maneno yakachanganyika, ila nilimwambia yote. Kwamba si yeye niliyemwogopa. Kwamba mkono ulikataa, na kule Raila pia ungekataa, na kwamba tangu ulipofariki nimekuwa kama jiko ambalo watu wanaendelea kulipuliza na makaa yamekwisha. Kwamba sina malaria. Kwamba nimepewa ofu kwa kuchoka, na naona haya kumwambia hivyo yeye ambaye hana mahali pa kuombea ofu.

Nilidhani ataamka aondoke, na nisingemlaumu. Akasema, "Si ungebisha tu useme, leo siwezi? Ningekuambia rudi nyumbani ulale. Mimi sikukutaka na sabuni kila siku. Kukaa tu kungetosha."

Nikamuuliza kidonda. Akasema Akinyi anaosha, alikuwa ananitazama nikiosha. Nikamwambia anigeukie nikione, maji ya moto yapo kwenye chupa, glavu ziko mkobani. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Akaninyooshea kidole, ile sauti ya kuuzia samaki ikarudi kidogo.

"Keti chini. Leo nimekuja kuona mgonjwa."

Nikaketi, Sista. Sikuwa na la kufanya. Akinyi akarudi na maji, na baadaye kidogo Nekesa akatokea sokoni, akawakuta. Niliona akimtazama Mama Awino mara moja na kuelewa kila kitu: ni nani, anaumwa nini, ametoka wapi. Akavua kilemba, akawasha jiko, akapika chai ya maziwa na kumpa kwenye kile kikombe cha maua ambacho huwa tunawapa mapasta. Wakaongea habari za bei ya samaki na wateja wanaogusagusa bidhaa na kuondoka. Nekesa akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nikiwasikiliza, nikasinzia nikiwa nimekaa, mbele ya wageni. Nilipoamka walikuwa wameshaondoka. Nekesa amewasindikiza mpaka Kona na kuwatafutia gari. Ulikuwa usingizi wa kwanza wa kweli tangu tukuzike.

Usidhani nilipona siku hiyo. Kesho yake nilikuwa chini tena. Ila nilianza kutoka, nikaketi mlangoni, nikamsaidia Nekesa kubeba gunia mpaka sokoni. Watu wakawa wanasema malaria imeisha, Mungu ni mwema. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika tena, kwa sababu jana Jumapili pasta aliniita mbele nitoe ushuhuda.

Wale wamama waliokuwa wamenikemea malaria walikuwa wamekaa benchi la mbele, wanatabasamu. Nekesa alikuwa na watoto, anatazama chini. Nilisimama nikashukuru Mungu. Ningeweza kuishia hapo, nikaenda kuketi, na kanisa zima lingesema amina. Mdomo ulikuwa umeshafika kwenye neno malaria. Nikawaona Mama Awino na Akinyi wakipumzika kwenye vibanda vya watu kuja kumwona mtu asiyeumwa homa.

Nikasema, "Haikuwa malaria. Niliwadanganya. Nilichoka na kazi mpaka nikashindwa kufanya kazi, daktari akaniambia nikae nyumbani. Nisameheni."

Hakuna aliyesema amina. Mpiga ngoma mmoja alikohoa. Mama mmoja wa mbele akamgeukia mwenzake wakatazamana, na huyo aliyefiwa na kijana akainamisha kichwa, sikujua amekasirika au la. Mpaka sasa sijui. Pasta akaanzisha wimbo. Nilirudi kuketi masikio yakiwaka moto, na mwanangu mkubwa akasogea kidogo mbali nami kwenye benchi. Nilimwona akisogea. Nekesa akaweka mkono wake juu ya goti langu hapo hapo mbele ya watu, na sisi si watu wa kushikana kanisani.

Tulipotoka nilitaka tukimbie nyumbani. Mzee Andayi akanifuata. Humjui, ni mtu wa mjengo, anabeba mawe tangu nilipohamia huku, mkubwa wa mwili, kanisani hukaa nyuma kabisa na sijawahi kumsikia akiomba kwa sauti. Nilijua anakuja kuniambia mimi ni mvulana mlegevu, na angekuwa na haki. Alitembea kando yangu. Tulipofika pale watu wanapotawanyika akatazama huku na huku.

"Huyo daktari wako," akasema, "anapatikana siku gani?"

Nikamwambia Jumatano. Akaitikia kwa kichwa, akavuta kofia yake chini, akageuka kwenda kwake. Alikuwa ameshapiga hatua kadhaa nilipomwita nikamwambia atanikuta kliniki mlangoni, tutaingia pamoja. Hakugeuka, ila aliinua mkono.

Basi narudi kazini keshokutwa, Sista. Daktari Wambui amesema Akinyi atakuwa anatembea nami kule Mashimoni, na Raila wataenda watu wa kanisa la huko kwanza, mpaka sista apatikane. Wagonjwa wengine sitawafikia, na nitaona aibu kila nikipita bila kuwafikia. Hata sasa naona aibu. Naona aibu kukuandikia wewe mambo haya, wewe uliyekufa mkoba ukiwa ndio kwanza umetoka mkononi. Na kuna jambo moja ambalo linaniuma kuliko ofu yenyewe: sikumbuki, katika miaka yote tuliyotembea, kama kuna mtu aliwahi kukuuliza wewe unalala vipi.

Lala, Sista. Huko hakuna anayekungoja umwoshe. Ninakuahidi Jumatano nitampeleka Mzee Andayi, na hata akichelewa kufika nitamngoja, halafu nitaenda kwa Mama Awino nikae naye kidogo, hata kama siku hiyo sitakuwa na nguvu ya kufungua mkoba.

Mtoto wako wa kazi,
Elijah